Mstoiko wa Kabondo na Sahihi Aliyomnyima Jirani

Timothée Lotika alikuwa na kanuni moja, na aliitamka kila alipopata mtu wa kumsikiliza: jambo lisilo katika uwezo wako lisikuumize. Aliinakili kwa wino wa bluu katika daftari lake la shule mwaka 1949. Kanuni hiyo ina nusu ya pili, nayo aliinakili pia, mstari uliofuata, kwa mwandiko uleule mzuri: jambo lililo katika uwezo wako ulitende, hata likikuponza. Nusu ya kwanza aliishika maisha yake yote. Nusu ya pili ilimdai mara moja tu, mnamo Desemba 1964, na siku hiyo aliivunja.

Alizaliwa Yanonge, katika ukoo wa wavuvi, akaletwa Kisangani kusoma kwa mapadri. Mwalimu mmoja mzee, Mbelgiji mwenye pumu, alikuwa akiwaeleza wanafunzi wakubwa habari za Wastoiko. Hao walikuwa wanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Walifundishia barazani, kando ya soko, na baadaye walipata wafuasi wa kila aina, tangu mtumwa hadi mtawala. Walifundisha kwamba mtu asiyumbishwe na hofu, hasira wala huzuni, ili aweze kutenda haki pale wengine wanapokimbia. Hilo neno “ili” ndilo kila mtu hulisahau. Ukiliondoa, kinachobaki ni mtu mwenye uso mkavu, na uso mkavu hata jiwe linao.

Timothée aliliondoa mapema. Alipoajiriwa karani katika ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, huko Kabondo, alinunua baiskeli, akaandika STOÏCIEN kwa rangi nyeupe juu ya bamba la gurudumu la nyuma. Mtaa mzima ukalisoma, na wasiojua kusoma wakasomewa. Wakaanza kumwita Papa Stoïcien, yaani Baba Mstoiko, naye aliitika jina hilo haraka kuliko lile la ubatizo.

Siku ya uhuru, mwaka 1960, watu wa Kabondo walicheza barabarani tangu asubuhi. Yeye alibaki uani, akipiga shati pasi ya makaa. Waliomwita aje aliwajibu kwamba furaha ya kundi ni homa, hupanda na kushuka. Wiki chache baadaye mkuu wake Mbelgiji alifunga sanduku na kuondoka, na kiti cha mkuu wa ofisi ya vitambulisho kikabaki wazi. Timothée alisema cheo hakimfurahishi wala kumhuzunisha. Alikikalia kiti siku ileile, kabla ya saa nne.

Mwaka uliofuata mwanawe wa kiume alikufa kwa surua. Alikuwa na miaka mitatu. Mkewe, Émilie, alilia juu ya mkeka pamoja na wanawake wa mtaa, na Timothée alikaa kwenye kiti akiwa amefunga tai, akipokea pole kama anayepokea maombi ya vyeti. Mara mbili alimwambia mkewe, mbele za watu, apunguze sauti. Jirani wao wa ukuta kwa ukuta, Nassoro Lukumani, fundi cherehani, Mwislamu wa zile familia zilizofika na misafara ya zamani ya biashara kutoka pwani, ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mtoto, kisha akarudi uani na kulia waziwazi.

Timothée alimsogelea, akamwita yaya, yaani kaka, na kumwambia kwa upole wa mwalimu, “Yaya Nassoro, machozi haitamufufua.”

“Najua, Timothée,” Nassoro akamjibu. “Siko nalia juu afufuke.”

Watu walimcheka Nassoro na kumsifu Timothée. Hapo siwezi kuusamehe mji wetu. Ulimwona baba aliyemnyamazisha mama wa marehemu, ukasema, tazama moyo wa mwanaume. Jina likaenea. Baa moja karibu na soko ikajiita Kwa Mstoiko, na waliotoka humo walitoka wakijishikilia ukutani. Kipa mmoja aliyefungwa mabao saba akasifiwa kuwa stoïcien kwa sababu hakuvua kofia. Mheshimiwa fulani alikuja kuwaambia walimu wasiolipwa miezi mitano kwamba wawe wastoiko, halafu akapanda gari lake. Kila mmoja alilichukua jina kama mtu anavyochukua mwavuli wa mwenzake mlangoni: kwa kuwa mvua ilikuwa inamnyea yeye.

Agosti 1964 waasi waliuteka mji. Waliokuwa na tai na diploma walitafutwa kwanza. Katika mtaa wetu vijana waliunda komite, wakaketi kwenye meza chini ya kibanda cha makuti nyuma ya shule, na hapo wakahukumu watu. Komite ile ilikuwa na desturi yake. Aliyekamatwa, kitabu chake cha kitambulisho kiliwekwa mezani. Akitokea mtu wa kumsimamia, huyo alikuja mbele na kuweka kitabu chake mwenyewe juu ya kile cha mshtakiwa. Viwili vilifungwa pamoja kwa kamba na kubaki kwa komite. Mshtakiwa alikwenda zake, lakini akikimbia au akionekana adui, wote wawili walitafutwa. Na msimamizi akikimbia, mshtakiwa ndiye aliyerudishwa mezani. Hivyo watu waliosimamiana walifungwa mguu kwa mguu, kila mmoja mtaani kwake.

Timothée alikamatwa siku ya tatu. Nitamtendea haki: hakutetemeka. Alisimama wima, akajibu kwa Kifaransa, na alipoulizwa kama analipenda taifa akasema kwamba mapenzi yake yako chini ya akili yake. Kijana aliyekuwa na mkuki alisema huyu iko na kiburi ya Wabeleji, afadhali amalizwe.

Nassoro akaja. Hakuwa Mstoiko. Jasho lilikuwa linamchuruzika hadi kwenye ndevu, na mikono ilimtetemeka hata kitabu kikamwanguka mara mbili kabla ya kufika mezani. Vijana walicheka. Mmoja alimuuliza huyu karani ni nani kwake.

“Ni jirani,” akasema. “Mutoto yake, miye njo nilimuzika.”

“Na akikimbia?”

“Mutanipata kwa mashini yangu. Siendi fasi ingine.”

Wakafunga vitabu viwili kwa kamba na kuwaachilia. Njiani kurudi nyumbani, Timothée alimkaripia kwa kutetemeka mbele ya vijana. Alimuuliza kama aliona jinsi yeye alivyosimama.

“Niliona, monsieur le Stoïcien,” Nassoro akasema. “Miye niliogopa ya siye wawili. Weye ulibakia tu na kazi ya kusimama.”

Émilie, aliyekuwa akiwafuata nyuma, ndiye aliyenisimulia maneno haya, na alisema mumewe hakucheka.

Mwezi uliofuata waasi walimletea Nassoro vitambaa na vipande vya ngozi ya nyani, awashonee kofia. Mkewe, Aziza, alimsihi wakimbilie Bengamisa, kwa kaka yake aliyekuwa na shamba huko. Barabara ilikuwa bado inapitika kwa baiskeli, na majirani wawili walikuwa wamekwisha kuondoka. Nassoro alikataa. Alisema akiondoka yeye, Timothée atachinjwa siku hiyohiyo, kwa kuwa vitabu vyao viko kamba moja. Basi akabaki, akashona. Kofia alizoshona hazikufika ishirini. Timothée alizisikia zikishonwa, maana cherehani ilikuwa upande wa pili wa ukuta wake, na alijua ni nani aliyemfunga fundi kwenye kiti kile.

Mwishoni mwa Novemba jeshi la serikali liliutwaa tena mji. Baada ya wiki moja ofisi ya komini ilifunguliwa na Timothée akarudi kitini, akiwa na kalamu, karatasi za vyeti na muhuri. Siku ya kwanza afisa mmoja aliketi mbele yake na kumuuliza swali dogo: makarani wenzake watatu wameuawa na waasi, kwa nini yeye yuko hai? Timothée alijibu kwamba hakuwapa waasi sababu. Hakumtaja Nassoro. Afisa aliandika kitu katika kijitabu chake, akafunga kalamu, akaenda.

Swali hilo lilibaki na Timothée. Tangu siku hiyo, Émilie alisema, aliacha kusalimia juu ya ukuta.

Jumatano ya wiki iliyofuata askari walimchukua Nassoro akiwa kwenye cherehani. Mtu alikuwa amesema habari za kofia. Alifungwa pamoja na wengine katika ghala la kahawa karibu na mto, na tangazo lilikuwa wazi: atakayeletewa cheti cha komini, chenye jina, mtaa, maneno kwamba hakubeba silaha, sahihi ya mkuu wa ofisi na muhuri, ataachiwa. Wasiokuwa na cheti watapandishwa lori Jumamosi saa sita mchana. Malori mawili yalikuwa yameshaondoka na watu kabla ya hilo. Hakuna aliyerudi nayo.

Vyeti hivyo vilikuwa vinaandikwa kila siku. Timothée mwenyewe alikuwa ametia sahihi viwili wiki ile, kimoja cha mwana wa katekista, kingine cha muuza samaki ambaye hakumjua hata kwa sura. Hao afisa asingeuliza habari zao. Lakini akimwandikia Nassoro, angeulizwa anamjuaje, na jibu la kweli lilikuwa katika ile kamba ya komite.

Aziza alikwenda ofisini Alhamisi. Timothée alimkaribisha vizuri, akamletea kiti, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamweleza kwamba mambo ya jeshi ni kama mvua, yako nje ya uwezo wa raia, na mtu mwenye hekima hapigani na mvua. Aziza hakuelewa yote. Alielewa kwamba hakuandika kitu, akadhani labda anangoja ruhusa.

Ijumaa alasiri alirudi, safari hii nyumbani, Émilie akiwa amemshika mkono. Timothée alikuwa akila lituma, ndizi za kupondwa, na samaki. Émilie hakungoja amalize.

“Papa Augustine,” alimwambia, kwa jina la binti yao aliyesalia, “Nassoro aliweka kitabu yake juu ya kitabu yako.”

“Alifanya kile ilikuwa mu uwezo yake.”

“Na weye? Muhuri iko mu uwezo ya nani?”

Timothée aliosha mikono. Aliingia chumbani, akaketi kwa muda wa nusu saa, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa Aziza. Alimwambia ampelekee Nassoro, itamsaidia.

Aziza hakujua kusoma. Aliishika karatasi kwa mikono miwili.

“Papa Timothée, hii njo ile karatasi?”

“Ni kitu kubwa kupita ile,” alisema.

Émilie alikuwa tayari ameingia jikoni kuficha uso wake kwa furaha, naye pia hakuifungua. Aliniambia kwamba hilo ndilo jambo ambalo hakujisamehe.

Jumamosi Aziza alifika ghalani saa mbili asubuhi. Mstari ulikuwa mrefu, wa wanawake karibu wote, kila mmoja na karatasi yake. Aliona walio mbele yake wakitoa vyeti na waume zao wakitoka wakiwa wamejaa vumbi la kahawa. Watano walitoka mbele ya macho yake. Zamu yake ilifika saa tano ikiwa imepita kidogo. Sajini aliyekaa mlangoni aliifungua karatasi, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele, kisha akaanza kuisoma kwa sauti ili mwenzake asikie.

Ilikuwa barua. Timothée alimwandikia Nassoro kwamba ukuta wa ghala unaufunga mwili tu, nafsi haijapata kujengewa ghala. Alimkumbusha kwamba mtu aliyejitawala ni mkubwa kuliko walinzi wake, kwamba hofu ni mgeni asiyeingia bila kufunguliwa, na kwamba yeye, rafiki yake, ana hakika atasimama kiume. Ilikuwa ya kurasa mbili, bila kosa la tahajia. Chini aliandika jina lake bila cheo.

Yule mwenzake sajini alicheka. Sajini hakucheka.

“Mama,” alisema, “hii haina cachet, haina muhuri. Huyu monsieur iko anamwambia bwana yako akufe muzuri.”

Aziza aliuliza kama anaweza kuleta nyingine. Sajini alimwonyesha jua, akamwambia akimbie.

Alikimbia. Kutoka ghalani hadi ofisi ya komini ni robo saa kwa mtu mwenye afya, na Aziza alikuwa na mimba ya miezi sita. Aliingia ofisini saa sita ikiwa imebaki dakika ishirini na tano. Karani mdogo aliyekuwa mezani kando, Asumani, aliona yaliyotokea na ndiye shahidi wangu. Baiskeli ya Timothée ilikuwa imeegeshwa nje ya mlango. Muhuri ulikuwa juu ya meza. Vyeti vitupu vilikuwa katika sanduku la kushoto.

Aziza hakuketi. Alikunjua barua ile mezani, akaweka kidole chini ya jina la Timothée.

“Piga hapa,” alisema.

Timothée alimweleza kwamba barua ya mtu binafsi haipigwi muhuri wa serikali. Asumani alitoa cheti kitupu, akajaza jina la Nassoro na mtaa, akakisukuma mbele ya mkuu wake. Kilichobaki kilikuwa sahihi na muhuri. Timothée alikitazama cheti. Asumani alisema kwamba uso wake haukubadilika hata kidogo, na kwamba alikuwa hajawahi kuona uso mtulivu namna ile. Kisha Timothée akasema kwamba kumtetea mtu aliyewashonea waasi kunahitaji uchunguzi, na uchunguzi si kazi ya ofisi yake. Alifungua daftari la vizazi, akaanza kusahihisha ukurasa.

Aziza alisimama pale. Saa ya ukutani ilipogonga sita alitoka, hakukimbia tena.

Lori liliondoka na watu kumi na wanane. Jina la Nassoro halikupatikana katika orodha yoyote baada ya hapo, wala kaburi. Familia ilikaa matanga bila maiti. Siku ya pili Timothée alikuja, amefunga tai, akakaa kwenye kiti, akasema maneno machache kuhusu mtu mwenye hekima na kifo. Wazee wa msikiti walimwacha amalize. Hakuna aliyempa maji.

Émilie aliondoka Januari. Alipanda mtumbwi wa biashara kwenda Yanonge na binti yao Augustine, akaishi huko kwa ndugu wa mumewe mwenyewe, ambao walimpokea baada ya kusikia habari. Timothée aliambia watu kwamba mke ni katika mambo yasiyo katika uwezo wetu.

Angemsingizia nani? Hakuna aliyemdhuru. Afisa mwenye kijitabu alihamishwa kabla ya Krismasi na hakurudi kuuliza swali lolote. Kama cheti kingetiwa sahihi, pengine kisingemletea Timothée hata karipio. Hilo hakulijua siku ile, nami simlaumu kwa kutolijua. Namlaumu kwa kuita woga wake falsafa. Mwoga anayesema “naogopa” bado anaweza kuokolewa, maana anajua alipo. Nassoro aliogopa mbele ya mkuki na kitabu chake kilifika mezani. Timothée hakuogopa kitu chochote ambacho watu wangeweza kukiona, na mkono wake haukuvuka urefu wa kiganja kimoja kufikia muhuri.

Baada ya maasi ya mwaka 1967, mji ulipokuwa umechoka kuzika, wakubwa walilipenda jina lake kuliko mwanzo. Alialikwa kuzungumza mbele ya watumishi wa serikali juu ya “ustoiko wa Kiafrika”. Alieleza kwamba babu zetu walikuwa wastoiko kwa sababu walivumilia, jambo ambalo kila anayetaka kuvumiliwa hupenda kulisikia. Walimpigia makofi. Leo nalisikia neno hilo kila mahali. Wahubiri wanawahubiria wajane. Wanaume wanalitumia kueleza kwa nini hawaulizi habari za watoto wao. Muuza dawa za nguvu amelibandika kwenye chupa. Vijana wameliandika kwenye fulana, na ukiwauliza Wastoiko walifundisha nini, wanakuambia: kutojali. Wastoiko hawakufundisha kutojali. Walifundisha kujali jambo moja zaidi ya mengine yote, nalo ni kutenda haki, kwa kuwa hakuna askari wala mvua inayoweza kukuzuia kulitaka.

Timothée alistaafu akiwa na nishani moja na afya njema. Alikufa mwaka 1986, kitandani, bila kulalamika.

Sahihi aliyokataa kuitia iligharimu maisha ya Nassoro Lukumani, fundi cherehani wa Kabondo, mwenye miaka arobaini na mmoja. Watoto wake wanne, na wa tano aliyezaliwa Machi, walilelewa na mama yao peke yake kwa kuuza mihogo sokoni, na wawili kati yao hawakusoma.